Mtu Aliyetoka Majini na Nguo Kavu

Kwa vijana wanaofuatilia anime, zile katuni za Kijapani, Mitsuru Kirijo hahitaji kutambulishwa. Ni rais wa baraza la wanafunzi katika shule ya Gekkoukan, ndani ya hadithi ya Persona 3, iliyoanza kama mchezo wa video mwaka 2006 na baadaye ikatengenezewa filamu 4 kati ya mwaka 2013 na 2016. Ana nywele nyekundu, upanga mwembamba na pikipiki, na sauti yake haitetereki. Mchana anasimamia mambo ya wanafunzi wenzake. Usiku wa manane, katika saa ya ziada ambayo watu wa kawaida hawaioni wala hawaikumbuki, shule hiyo hiyo inageuka mnara wa mazimwi, naye ndiye anayewatangulia wenzake. Kilichompa wapenzi wengi ni siri aliyoibeba kifuani: balaa lote lile lilianzishwa na babu yake mzaa baba, na wanaomfuata hawajui.

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyesoma shule ya bweni hapati tabu kumwelewa. Kiranja mkuu anamjua. Hofu ya bweni taa zikishazimwa anaijua pia. Kiongozi wa wanafunzi aliyejaa utulivu mbele za watu, huku akijua jambo la kutisha ambalo wengine hawalijui, ni mtu anayeweza kumwona hata kwenye paredi ya asubuhi ya shule yake mwenyewe.

Ila pwani ya Lindi ina mhusika wake wa aina hiyo, na amekuwa akipanda majukwaani tangu mwaka 1969. Yeye si msichana wala hana pikipiki. Ni mtu mzima, mganga, mwenye wake na watoto, aliyeburutwa na nguvu isiyoonekana hadi ndani ya maji mbele ya familia yake, akatoka siku ya pili yake na neno lililowasha moto nusu ya nchi. Jina lake ni Kinjeketile. Aliyemwandika ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, na nchi anayoisimulia ni ile milima ya Umatumbi ambako leo uko mji mdogo wa Kipatimu.

Wageni wengi wanaofika Wilaya ya Kilwa huishia Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wachache hukata kona pale Njia Nne, wakaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, na kuanza kupanda. Huko juu hewa inabadilika. Minazi inapungua, vilima vinabanana, michungwa inatawala, na lugha inayosikika gulioni ni Kimatumbi, ambacho wataalamu wa lugha duniani wanakifahamu kuliko Watanzania wengi wanavyodhani: David Odden alikitolea kitabu kizima kuhusu sauti na maumbo yake mwaka 1996. Ni nchi ya mawe ya chokaa, yenye mapango. Kipatimu ina misheni ya Wakatoliki na hospitali yake. Kibata iko jirani, Nandete iko jirani. Majina haya matatu yanatosha kumsimamisha mwalimu yeyote wa historia.

Kinjikitile Ngwale mwenyewe, yule wa kweli, aliishi Ngarambe, kaskazini magharibi ya milima hii, upande ambao sasa ni Wilaya ya Rufiji. (Wanahistoria humwandika Kinjikitile, Hussein alimwandika Kinjeketile, makala haya yanatumia la kwanza kwa mtu na la pili kwa mhusika wa tamthiliya.) Habari zake zingepotea kama si kazi ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyezunguka Umatumbi na jirani zake miaka ya 1960 akiwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walichapisha mkusanyiko mdogo wa kumbukumbu hizo. Ndani yake yumo mzee anayeeleza siku ile ya Ngarambe kana kwamba imetokea jana.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kinjikitile na jamaa zake walikuwa nje wakiota jua. Ghafla wakamwona analala kifudifudi, mikono kaitanguliza mbele, anakwenda kwa tumbo kuelekea bwawani. Wake zake na watoto wakamshika miguu wamrudishe. Wakashindwa. Naye alikuwa akipiga kelele kwamba hataki kuvutwa, wanamuumiza. Akatumbukia, maji yakamfunika. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi, hawakuona kitu. Basi wakakaa pale ukingoni, wakalala palepale, wakisema kama amekufa maiti itaelea, na kama amechukuliwa na mzimu wa majini atarudishwa, hai au mfu. Kesho yake, saa tatu ileile, akaibuka. Hana jeraha. Nguo zake kavu, zimefungwa vilevile alivyozifunga jana.

Mtunzi wa hadithi za kutisha anaweza kukesha mwaka mzima asipate kitu kizuri kama zile nguo kavu. Mazimwi ya Persona 3 yana vinyago na mikono mingi, lakini hayamshtui mtu kama nguo ambayo haikulowa. Na msimulizi haongezi chumvi. Anataja saa, anataja nani alikuwepo, anataja jinsi jamaa walivyogawana kazi ya kungoja. Mzee huyo hakuwa akitunga. Alikuwa akitoa ushahidi wa jambo alilokuwa na hakika nalo.

Alipotoka, Kinjikitile alianza kutabiri. Wafu wote watarudi, wako kwa mzimu Bokero huko Rufiji. Simba na chui hawatakula mtu tena. Watu wote, awe Mpogoro, Mkichi au Mmatumbi, ni wa Seyyid Said, yule Sultani wa Zanzibar, peke yake. Mzungu si chochote, ni kama udongo mwekundu au samaki wa majini. Mzee anaendelea kusimulia kwamba Kinjikitile alikamata simba wawili akawafunga kwa utambaazi, na watu wakacheza likinda mbele yao, simba wametulia tu. Akajenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu, ambamo mtu aliweza kuzungumza na wazee wake waliokufa. Mzimu uliomchukua uliitwa Hongo. Dawa aliyoitoa ya kumkinga mtu na risasi ilikuwa maji, yakiendana na mtama na mahindi: ya kunywa, ya kunyunyiziwa, ya kubeba.

Watu walikuja kwa mamia. Habari zilisafiri kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, mnong'ono wa siri, mtu akimwambia mwenziwe kwa kiapo kuwa asimwambie mwingine, na mwingine akiambiwa usiku huohuo. Misafara ilipita njiani wazi mchana kweupe mwishoni mwa mwaka 1904 na miezi ya mwanzo ya 1905, na watawala wa Kijerumani hawakujali sana, maana safari za kwenda kwa mganga kutafuta dawa ya mavuno au ya wanyama waharibifu zilikuwa jambo la kawaida. Kule Ngarambe likinda ilionekana ngoma. Ilikuwa mafunzo ya vita.

Sababu za vita zilikuwa juani, hazikuhitaji mzimu wa kuzifichua. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima kwenye wilaya za pwani, kila mtu akitakiwa kutoa siku 28 za kazi kwa mwaka, na mara nyingi siku hizo zilipitiliza. Malipo yalikuwa madogo hata wapo waliokataa kuyapokea. Wazee waliohojiwa na Gwassa walimkumbuka mlowezi Steinhagen kwa jina la Bwana Kinoo, na walikumbuka hasa jinsi safu ilivyopangwa shambani. Mbele wanalima wao. Nyuma yao mnyapara na kiboko. Nyuma ya mnyapara jumbe, kila jumbe na watu wake 50. Nyuma ya majumbe wote, Bwana Kinoo mwenyewe. Picha hiyo moja, ya watu waliopangwa mistari kila mmoja akimtazama wa mbele yake mgongoni, inaeleza utawala ule kuliko kurasa nyingi za takwimu.

Halafu kuna agizo ambalo husahaulika sana darasani. Kinjikitile aliwaambia watu wangoje. Warudi makwao, waendelee kumfanyia Mzungu kazi, hadi yeye atakapotangaza vita. Aliyewapa maji ndiye aliyewaambia subirini.

Wamatumbi wakachoka kusubiri. Dawa tumeipata, sisi ni wanaume, tunangoja nini? Hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa milimani. Katikati ya Julai mwaka 1905, Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakapanda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Hawakuchoma nyumba, hawakumwua mtu. Waling'oa pamba, na kila aliyeona alijua maana yake. Akida wa Kibata, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, akapata habari, mapigano yakaanza, naye akakimbilia pwani. Tarehe 31 Julai maduka ya Samanga, ile Somanga ya leo, yalikuwa yanaungua. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita iliyokuja kuitwa ya Maji Maji ilikuwa bado mbichi, na mtu wake mkuu alikuwa ameshakufa.

Kinachosimuliwa juu ya mwisho wake ni kwamba alisema kumnyonga hakutasaidia kitu, kwani dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge. Alikuwa sahihi. Agosti 14, huko Liwale, Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa; Agosti 30 maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Kaka yake Kinjikitile, Ngameya, alitwaa cheo cha Nyamguni akaendelea kutoa dawa.

Sasa aje Ebrahim Hussein. Mwaka 1969 alikuwa kijana wa miaka 26, anasoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ambapo chuo kizima kilikuwa kinaichimba historia ya Maji Maji. Mradi mkubwa wa utafiti wa vita hiyo ulikuwa ukiwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee. Nyerere alishaitumia vita hiyo kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kuonyesha kuwa Watanganyika hawakuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Nchi changa ilitaka shujaa. Mwandishi wa kawaida angempa shujaa wa shaba: kifua mbele, mkuki juu, hotuba ndefu.

Hussein alifanya jambo gumu zaidi. Alimpa shujaa wasiwasi.

Tamthiliya inaanza na njaa, wanawake wakizungumzia chakula kisichokuwepo na waume waliochukuliwa shambani kwa Bwana Kinoo. Wanaume wanakutana usiku, Mmatumbi, Mzaramo, Mrufiji, na badala ya kupanga wanagombana kabila gani liongoze. Binti anakamatwa na askari, nao wanasikia na hawawezi kitu. Muda wote huo Kinjeketile yumo nyumbani mwake, mlango umefungwa, watu wanamnong'ona. Anapotoka, anatoka akiburutwa kwenda mtoni kama vile wazee walivyosimulia, na anarudi na maji na maneno ya umoja yanayowainua watu wote waliokata tamaa. Kisha, mwishoni mwa utabiri huo, akiwa bado amepandwa, anatamka kwamba watakuwa watu wa Seyyid Said.

Hapo ndipo penye moyo wa kitabu. Kinjeketile anazindukia miongoni mwa watu wanaoshangilia, anauliza amesema nini, anaambiwa, na anaganda. Amesema hivyo kweli? Amwondoe Mjerumani ili aje Sultani? Kama mzimu uliompa maji ndio uliompa na neno hilo, basi au neno hilo ni kweli na vita hii ni ya kubadilisha bwana, au neno ni uongo, na kama neno ni uongo maji nayo je? Wenzake hawataki kusikia. Wameshapata wanachokihitaji. Kuanzia hapo, katika umati mzima unaomwamini Kinjeketile, asiyemwamini Kinjeketile ni mmoja tu, na ndiye mwenyewe.

Inafaa kuurudia ushahidi wa wazee hapa, maana Hussein hakulizua jambo hilo. Seyyid Said yumo. Mzee aliyehojiwa analitamka jina hilo kwa furaha, hata wimbo walikuwa nao, na kwake maana yake ilikuwa umoja: sote ni wa mmoja, hakuna Mpogoro wala Mmatumbi. Seyyid Said mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya bwawa la Ngarambe, na huko milimani jina lake pengine lilishakuwa jina la zama za kabla ya pamba. Lakini Hussein aliandika miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliyoung'oa usultani. Hakuna aliyekaa kwenye viti vya ukumbi mwaka 1969 ambaye angelisikia jina hilo bila kushtuka. Mstari ambao kwa mzee ulikuwa faraja, Hussein aliusikia kama ufa, akautia kidole, akaupanua hadi ukamgawa mtu vipande viwili. Katika fasihi ya Kiswahili ni vigumu kupata mahali pengine ambapo chembe ndogo ya simulizi ya mdomo imezaa mhusika mkubwa kiasi hicho.

Mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, asidhaniwe kuwa ndiye yule wa historia. Wengi waliruka utangulizi huo. Mwaka 1970 aliitafsiri tamthiliya kwa Kiingereza kwa mkono wake, na tangu hapo Kinjeketile amezunguka katika madarasa ya Tanzania na Kenya hadi vyuo vya Ulaya, kiasi kwamba kwa wanafunzi wengi ndiye Kinjikitile pekee wanayemjua. Mtu wa Ngarambe amemezwa na mtu wa jukwaani.

Anayepewa kumwigiza Kinjeketile shuleni anabeba mzigo mzito. Sehemu ya Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, ni rahisi kuielewa: mtu wa akili timamu, mkulima, anayefundisha watu vita na kupima nguvu za adui. Ya Kinjeketile inataka mwili na inataka kimya. Lazima aburutike kwa tumbo bila kuchekesha. Lazima apandwe mbele ya wanafunzi wenzake, ambao pengine wana ndugu waliowahi kupandwa kweli, na asigeuze jambo hilo mzaha. Kisha lazima asimame katikati ya kelele za furaha akiwa hana furaha hata chembe, na watazamaji waione tofauti hiyo bila kuambiwa. Ndipo mtu anapoona kwa nini kiranja mkuu, aliyezoea kusimama peke yake mbele ya paredi na kutamka amri ambazo hakuzitunga yeye, anaweza kumfaa Kinjeketile kuliko mwigizaji hodari wa darasa.

Hussein hakuachana na mizimu baada ya hapo. Mwaka 1971 alitoa Mashetani, na safari hii wahusika wakuu ni vijana wasomi wawili, Juma na Kitaru, wanaocheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu. Mchezo unamganda Kitaru, anaugua, anaandamwa. Mpenzi wa anime za mazimwi shuleni akikisoma kitabu hicho leo atajikuta nyumbani kabisa: marafiki wawili, utani ulioanza mchana, kitu kilichokubali kuitwa na sasa hakitaki kuondoka. Tofauti ni kwamba mashetani ya Hussein yana historia ya nchi ndani yake. Juma anatoka kwenye ukoo uliokuwa na mali ukanyang'anywa, Kitaru kwenye familia inayopanda, na kinachowatisha kiko kati ya familia hizo mbili.

Hilo ndilo linalomkaribisha Mitsuru Kirijo tena kwenye mazungumzo haya. Watunzi wa Kijapani wanapenda kumpa kiongozi wa wanafunzi hatia ya kurithi, na humwacha atatue kwa upanga. Saa ya mazimwi ikifutwa, dunia inarudi kawaida. Kinjeketile hana bahati hiyo. Anajaribu kufanya kile ambacho Kinjikitile wa kweli alikifanya, anawaambia watu wangoje, umoja haujakamilika, na Kitunda anapewa nafasi ya kuwafunza wapiganaji. Lakini neno alilolitoa limeshakuwa mali ya watu. Halimtii tena. Wanakwenda vitani bila idhini yake, na maji hayazuii risasi.

Kisha inakuja ile sehemu ya mwisho, gerezani. Kinjeketile amefungwa, ameteswa, na ofisa wa Kijerumani anataka kitu kimoja: awatangazie watu kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, mwenye akili timamu, anaona hakuna ubaya kulisema hilo, kwani ni kweli. Wote wawili wanajua ni kweli. Kinjeketile aliyeyatilia shaka maji tangu siku ya kwanza, mtu pekee ambaye angeweza kuyakana bila kujisaliti, anakataa. Hoja yake ni ya kisiasa na ni ya baba: wakiyakana, watoto na wajukuu watafundishwa kwamba kuinuka kwenyewe kulikuwa uongo. Msomaji aliyefuatilia shaka yake tangu mtoni anakaa na jambo hilo muda mrefu. Na anayekumbuka kauli inayosimuliwa kutoka Mohoro, ile ya dawa kuwa imeshafika Kilosa na Mahenge, anaona Hussein ameitoa wapi mbegu.

Wanahistoria wa baadaye wametoa angalizo. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kinaonyesha kwamba vita hiyo haikuwa na moyo mmoja. Kila nchi iliingia na sababu zake, ugomvi wake wa jirani, hesabu zake za jumbe na akida, na mahali pengine maji hayakuwa na uzito unaodhaniwa. Angalizo hilo ni la haki. Limewaondolea wengi mzigo wa kudhani kwamba mamia ya maelfu waliandamana kumfuata mtu mmoja. Bila hilo, Mandai na Machela wa Nandete wangebaki wafuasi tu, wakati wao ndio walioamua siku.

Gharama ilikuwa kubwa kupita maelezo. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma vijiji, ghala na mazao, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000; wanahistoria wengine hufika 250,000 hadi 300,000. Umatumbi watu walijificha mapangoni. Miaka kumi na moja baadaye, mwishoni mwa 1916, Kibata hiyohiyo iligeuka uwanja wa mapambano ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na waliokuwa wameanza kupanda upya wakakimbia tena.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, palipo na makumbusho ya Maji Maji na kaburi la mashujaa walionyongwa Februari 1906, akaomba radhi. Ilifaa Songea ipate heshima hiyo. Umatumbi, palipong'olewa pamba, pana mnara wa kumbukumbu huko Nandete, lakini misafara ya viongozi haifiki milimani hivyo. Hata ramani haisaidii: bwawa na mti wa kunyongea viko Rufiji, Mkoa wa Pwani, shamba la pamba na boma ya akida viko Kilwa, Mkoa wa Lindi, kila upande una nusu ya hadithi.

Vijana wanaochora katuni kwa simu na kompyuta Dar es Salaam na Mtwara wanaongezeka, na wengi huanza kwa kuiga macho makubwa na sare za shule za Tokyo. Hakuna ubaya. Mkono hujifunza kwa kuiga. Lakini vifaa vya Ngarambe viko tayari, vimeandikwa, havina mwenyewe wa kuvidai: mtu anayetambaa kwa tumbo saa tatu asubuhi, jamaa waliolala ukingoni, simba wawili waliofungwa kwa utambaazi, nyumba ambamo wafu wanajibu, mnong'ono unaoruka kilima hadi kilima usiku kucha, na safu ile ya Bwana Kinoo, mgongo nyuma ya mgongo, ambayo mchoraji akiipanga vizuri haihitaji maneno.

Atakayeichora awe na uangalifu wa aina moja. Katika hadithi za mazimwi zinazotengenezwa haraka, mganga huwa tapeli au huwa mwenye nguvu kweli, na mtazamaji huambiwa mapema ni yupi. Kinjikitile akichorwa kama tapeli, Nandete inakuwa kijiji cha wajinga. Akichorwa kama mwenye nguvu kweli, waliokufa Mahenge hawaelezeki. Hussein alipata njia ya tatu, na inachukua kurasa kadhaa za wasiwasi wa mtu mmoja kuifikisha. Katika anime, muda huo ni sawa na sehemu nzima isiyo na pigano hata moja: mtu amekaa ndani, mlango umefungwa, nje watu wanaimba jina lake, naye anajaribu kukumbuka alichokisema alipotoka majini.